Ripoti za Jumatatu: mameneja wa Keith walivyowapima wasanii

Jumatatu mchana, katika majumba ya burudani ya B. F. Keith kule Marekani, meneja alikuwa akiketi ukumbini na kutazama onyesho la kwanza la juma kuanzia kipengele cha kwanza hadi cha mwisho. Wasanii walikuwa wameshuka kwenye treni usiku au asubuhi ileile, wakakabidhi nota zao kwa bendi ya ukumbi, wakapitia nyimbo zao haraka haraka, kisha pazia likafunguliwa. Onyesho likiisha, meneja anaingia ofisini na kuandika. Kila kipengele kinapata aya yake: jina, aina ya mchezo, dakika ulizochukua, sehemu ya jukwaa iliyotumika, na jinsi watu walivyoupokea. Karatasi hizo zilipelekwa ofisi kuu na kwa mameneja wenzake wa miji mingine, ili mtu wa Philadelphia ajue mapema kinachomjia kutoka Boston.

Vitabu vya ripoti hizo, vya kuanzia 1902 hadi 1923, vimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Iowa, na kurasa zake zimewekwa kwenye intaneti kwa yeyote anayetaka kusoma. Mimi kazi yangu ni kupanga shoo katika ukumbi mmoja hapa Temeke. Naamua nani anatangulia, nani anafuata, nani anapewa dakika ngapi, na nani harudi tena. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine aliyeandika kuhusu kazi hii kwa undani namna ile, achilia mbali miaka mia moja na zaidi iliyopita. Nimekuwa nikizisoma usiku baada ya kufunga hesabu za mlangoni, na nina la kusema juu yake, maana zimenifundisha mengi na zimenisumbua pia.

Kwanza, vodevili yenyewe, burudani iliyochezwa katika majumba hayo ya Keith. Msomaji aliyekua Dar es Salaam miaka ya 90 ataielewa upesi. Ukienda baa au ukumbi kuwatazama Muungano Cultural Troupe, au Tanzania One Theatre ambayo wote tuliijua kama TOT, iliyoanzishwa 1992, ulilipa kiingilio kimoja ukapata kila kitu: sindimba, sarakasi, vichekesho, igizo, na taarab ya kufungia, kina mama wakisogea mbele na noti mkononi kwenda kutuza. Vodevili ilikuwa burudani ya mseto ya namna hiyo. Tofauti kubwa ni kwamba kwetu kundi moja lilibeba vipengele vyote, wakati kule kila kipengele kilikuwa cha watu wao wenyewe. Walikodishwa na ofisi, wakakutana mjini kwa juma moja, Jumapili wakatawanyika kila mmoja kwenda mji wake.

Tony Pastor, aliyekuwa mwimbaji mwenyewe, alifungua ukumbi wake wa mtaa wa 14 jijini New York mwaka 1881 akitaka burudani ambayo mwanamume anaweza kuijia na mkewe na watoto bila kuona haya. Keith alianzia Boston mwaka 1883 na jumba dogo la maajabu, na 1885 akaanza onyesho lisilokatika: milango inafunguliwa asubuhi, inafungwa usiku, vipengele vinazunguka, unaingia saa yoyote na kutoka ukichoka. Mshirika wake Edward F. Albee ndiye aliyekuwa na mkono mgumu wa biashara. Wakajenga majumba ya kifahari, wakayaeneza mashariki yote ya nchi ile, na nyuma ya jukwaa wakabandika matangazo yaliyokataza lugha chafu. Baadhi ya maneno yaliyokatazwa mama wa leo hata hageuki akisikia mwanawe akiyatamka, lakini aliyeyatamka pale jukwaani alifutiwa kazi.

Nilichokipenda zaidi katika ripoti ni jambo ambalo mtu asiye wa kazi hii anaweza kulipita bila kuliona: maelezo ya jukwaa. Baada ya dakika, meneja anaandika kama mchezo ulitumia jukwaa zima au ulichezwa kwenye sehemu ya kwanza. Jukwaa lao liligawanywa kwa kina, kutoka kwenye taa za mbele kwenda nyuma. Sehemu ya kwanza ilikuwa ukanda mwembamba ulio mbele ya pazia la kwanza, hatua chache tu. Mchekeshaji, mwimbaji, watu wawili wa kupigana maneno, hao wanatosha pale. Wanasarakasi wenye vyuma, mbwa waliofunzwa, igizo lenye meza na mlango, hao wanahitaji jukwaa zima.

Kwa nini hilo lilikuwa muhimu kiasi cha kuandikwa kila mara? Kwa sababu onyesho zuri halina kimya. Wakati mchekeshaji anasema mbele ya pazia, nyuma yake wafanyakazi wanavua viatu, wanabeba vyuma kwa vidole, wanafunga kamba. Akiinama kushukuru, pazia linapanda, na wanasarakasi tayari wako juu ya ngazi zao. Meneja asiyejua mchezo unachezwa wapi hawezi kuupanga. Akiweka viwili vya jukwaa zima mfululizo, watu watakaa gizani wakisikiliza nyundo.

Nimekaa kwenye kumbi zetu nikisikiliza nyundo hizo. Bendi inashuka, kundi la ngoma linapanda, ngoma zinasogezwa, mtu anatafuta waya wa maikrofoni, MC anarudia salamu za wadhamini, na hapo ndipo watu huangalia saa na kuanza kuulizana habari za usafiri. Dawa yake ni ileile ya mameneja wa Keith: mtu mmoja wa maneno mbele ya pazia, mwenye uwezo wa kusimama peke yake. Siku hizi siandiki ratiba kabla sijajua kila kundi linahitaji hatua ngapi za jukwaa na linachukua muda gani kupanga na kupangua vyombo vyake. Wasanii wapya hunishangaa, wanadhani nitaanza kwa kuuliza bei.

Mpangilio wao nao ulikuwa elimu kamili. Jumba la Palace la New York, lililofunguliwa Machi 1913, lilikuwa kilele cha vodevili yote, na aliyepanga vipengele vyake, George Gottlieb, alieleza waziwazi alivyokuwa akiwaza. Wa kwanza ni mchezo usio na maneno: wanasarakasi, au wanyama. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa, watu bado wanaingia, wanatafuta viti, wanapisha magoti, na mchekeshaji akipewa nafasi hiyo maneno yake yanapotea. Wa pili ni wimbo, mara nyingi mwanamume na mwanamke, wa kuwatuliza waliokwisha kukaa. Wa tatu igizo fupi la kuchekesha la kuwashika. Wa nne na wa tano wanapandisha moto, na jina kubwa linakaa kabla ya mapumziko ili watu watoke nje wakilizungumza. Baada ya mapumziko kazi ni ngumu, maana unawaanza upya bila kushusha ulichokijenga. Nafasi ya heshima kuliko zote ni ya mmoja kabla ya mwisho, na mara nyingi alipewa mchekeshaji. Wa mwisho kabisa ni mchezo wa macho, mkubwa, wa rangi, kwa kuwa wengine wameshaanza kuvaa makoti.

Humohumo kwenye ripoti utakuta na sinema. Mashine ya sinema ya akina Lumière wa Ufaransa ilioneshwa kwenye jumba la Keith la Union Square, New York, mwezi Juni 1896, na tangu hapo picha zikawa kipengele kama vingine, kwa kawaida mwishoni mwa orodha. Meneja anaandika kama picha za juma hili zilikuwa nzuri au dhaifu, kwa sauti ileile anayotumia kwa mbwa na wapiga zeze. Mwaka 1932 Palace yenyewe ikageuka kuwa nyumba ya sinema.

Sasa meneja aliyeijua kazi yake alikuwa akifanya nini pale kitini? Katika ripoti nilizozisoma, zile bora zinaandikwa na mtu anayewasikiliza watu wa ukumbi wake kwa makini kuliko anavyolitazama jukwaa. Anajua roshani, ambako tiketi ni rahisi, wamecheka wapi, na waliokaa viti vya chini wamenyamaza wapi. Anaweza kuandika kwamba mchezo fulani yeye haumvutii ila ukumbi umeupenda, basi ubaki. Na ule aliouona mzuri lakini umezama katikati, Jumatatu jioni anauhamisha nafasi ili aone kama kosa ni la mchezo au la mpangilio. Hiyo ni akili ninayoiheshimu sana. Inahitaji mtu aweke pembeni mapenzi yake na bado asiache kuwa na macho.

Wakati mwingine tathmini ya meneja ilibadilisha maisha ya mtu yakawa mazuri. Mwaka 1899 Martin Beck, bwana mkubwa wa majumba ya Orpheum upande wa magharibi, alimwona kijana mmoja wa mazingaombwe aliyekuwa akihangaika, Harry Houdini. Kijana alikuwa na kila kitu: karata, vitambaa, kujifungua pingu, na kisanduku ambamo yeye na mkewe Bess walibadilishana nafasi kufumba na kufumbua. Beck akamwambia aachane na vitu vidogo vidogo, abaki na pingu na kisanduku. Akampa kazi ya kuanzia kwa dola 60 kwa juma. Mwaka uliofuata Houdini alikuwa anajaza kumbi Ulaya.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa Will Rogers, Mcherokee, yaani mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani, kutoka eneo ambalo leo ni Oklahoma. Mwaka 1905 alipoanza vodevili New York, mchezo wake ulikuwa wa kamba: anamrushia farasi na mpanda farasi palepale jukwaani, hasemi neno. Siku moja akafungua mdomo kueleza anachotaka kufanya, watu wakaangua kicheko kwa lafudhi yake na namna yake ya kusema. Yeye akaudhika, alidhani wanamdharau. Watu waliomzunguka wakamwambia wewe endelea kusema. Miaka michache baadaye kamba ikawa kisingizio tu, watu walikuja kumsikiliza. Mtu mwenyewe aliye jukwaani mara nyingi hajui ukumbi umempendea nini. Ndiyo maana anahitaji mtu aliyekaa chini, anayejua kusikiliza, na mwenye nia njema naye.

Baada ya kuzisoma nikaanza kuandika zangu. Nitaweka moja hapa kama ilivyo, kwa ruhusa ya kundi lenyewe, ila jina nimeliondoa:

"Sarakasi, vijana watano na mzee wao. Jukwaa zima. Dakika tisa. Nafasi ya kwanza. Mnara wa watu watatu umekaa vizuri, wa juu amesimama bila kutetemeka, makofi ya kwanza ya usiku yametoka upande wa meza za nyuma ambako kwa kawaida hawageuki. Kuruka pete ya moto: pete imewashwa mapema mno, moto umepungua kabla kijana hajafika, watu wakaona pete tu. Katikati kuna kimya kirefu, vijana wamesimama wameshika viuno. Kufunga kwa mviringo wa miguu ni kuzuri, watoto wamesimama juu ya viti. Wanafaa pia kufungia usiku, kama taa za pembeni zitazimwa wakati wa pete."

Kabla sijaipeleka kwa mwenye ukumbi, nilimpa yule mzee aisome. Aliisoma taratibu, kidole kikitembea chini ya mistari. Akasema, "Mwanangu, haya yote sawa. Lakini hicho kimya cha katikati si cha vijana wangu. DJ alikuwa anatafuta wimbo. Sisi tulisimama kwa sababu ngoma yetu ya kurukia haikuja." Mimi nilikuwa nimekaa ukumbini. Kutoka ukumbini unaona vijana wameshika viuno, huoni DJ aliyeinama nyuma ya spika akipekua simu. Nikaongeza sentensi ya mzee chini ya yangu, na DJ sasa anapewa nyimbo zote mchana.

Na hapo ndipo ripoti za Keith zinaponisumbua, maana msanii hakuzisoma. Ziliandikwa juu yake, zikasafiri mbele yake, zikamngoja kila mji atakaoshuka, na yeye hakujua zimesema nini. Anafika Providence, ambako Charles Lovenberg alikuwa meneja, anashangaa amewekwa nafasi ya ufunguzi ilhali juma lililopita alikuwa katikati. Hana wa kumuuliza. Pengine kule alikotoka nota za bendi zilichanganyika. Labda mtoto wake alikuwa na homa hotelini, au alipangwa nyuma ya mchekeshaji mwenye maneno yanayofanana na yake. Ripoti imeandika tu kwamba hakupata makofi.

Kilichotakiwa kuwa maelezo ya mchezo mmoja, katika nyumba moja, mchana mmoja, kikawa hukumu ya mtu kwa msimu mzima. Uzito wake uliongezeka mwaka 1906 ofisi ya pamoja ya kukodi wasanii, United Booking Offices, ilipowekwa chini ya Keith na Albee. Msanii wa mashariki aliyetaka majumba makubwa alilazimika kupitia mlango huo mmoja, na akipita anakatwa asilimia 5 ya malipo yake. Mikataba ilimpa mwenye ukumbi nafasi ya kumtoa msanii baada ya maonyesho ya kwanza tu, na msanii hakuwa na nafasi ya namna hiyo upande wake. Walijaribu kujitetea. Chama cha White Rats kilianzishwa 1900, kikagoma 1901 kwa ajili ya zile asilimia, kikagoma tena 1916 na 1917 kikashindwa. Na chama chenyewe kilikuwa cha wazungu, na mwanzoni wanaume peke yao.

Nalinganisha na kesi ya dada wa familia ya Cherry. Hawa walikuwa wasichana wa mashambani Iowa, wakiimba na kuigiza maigizo ya maadili waliyoyatunga wenyewe, na watu walifika kuwazomea. Oscar Hammerstein, mwenye ukumbi wa burudani, aliwaleta New York mwaka 1896 kwa sababu hiyohiyo, na mboga zikarushwa. Gazeti la Des Moines Leader likachapisha tathmini kali mno juu yao, ikiwasema mpaka maumbile yao. Dada wale wakaenda mahakamani. Walishindwa, mwaka 1901 Mahakama Kuu ya Iowa ilisema anayejitokeza mbele ya umma na kutoza kiingilio hawezi kumzuia mhakiki kusema anachokiona, alimradi hana nia ya chuki. Hukumu hiyo bado inatajwa na wanasheria wa habari. Mimi naona uchungu wa wale dada, na maneno waliyoandikiwa sikuyapenda hata kidogo. Hata hivyo waliyasoma. Waliyashika mkononi, wakasimama mbele ya jaji wakasema haya si kweli. Msanii wa Keith hakuwahi kuwa na hata hilo.

Kuna jingine. Ripoti inaposema "watu wameupenda," watu gani? Katika majumba mengi ya wakati ule Mmarekani Mweusi aliuziwa tiketi ya roshani tu, na jukwaani ilikuwa desturi kipengele cha Weusi kisizidi kimoja kwa onyesho. Bert Williams, aliyezaliwa Bahamas mwaka 1874, mmoja wa wachekeshaji wakubwa kabisa wa zama zake, alipaka uso wake masizi juu ya weusi wake ili ukumbi ukubali kumcheka. Mwaka 1903 yeye na mwenzake wa jukwaani George Walker waliipeleka "In Dahomey", igizo lao la nyimbo, hadi London wakaicheza kwenye bustani za Kasri la Buckingham. Alipotoka jukwaani bado kulikuwa na hoteli zilizomkataa. Meneja mwaminifu kabisa, mwenye masikio mazuri, alikuwa akipima makofi ya ukumbi uliokwisha kuchujwa mlangoni. Mwaka 1907 Waayalandi wa New York walipochoka kuona akina Russell Brothers wakiwaigiza mabinti zao kama wajakazi wajinga, walinunua tiketi, wakaingia, wakarusha mayai. Mchezo ule ulikuwa umepokewa vizuri kwa miaka.

Nayasema haya kwa sababu sisi nasi tuna ripoti zetu. Ziko kwenye makundi ya WhatsApp ya waandaaji wa shoo. Mtu anatuma sauti ya sekunde chache saa saba usiku, amechoka, ana hasira na hesabu za mlangoni: "Huyo msimchukue, anaboa, watu walitoka." Wengine wanaweka kidole gumba. Kesho yake kumbi kadhaa zimefungwa kwa mtu ambaye hata hayumo kwenye kundi.

Yupo kijana wa mazingaombwe, anatoka Mbagala. Nilimwona kwanza kwenye sherehe ya mtaa, mchana, amezungukwa na watoto na wazazi wao. Ana sarafu moja na kanga ya kuazima kwa yeyote aliye mbele yake. Sarafu inaingia kwenye pindo la kanga, anamwambia mama mwenye kanga aishike kwa nguvu, asimwamini mtu. Anazungumza naye habari za bei ya nyanya, taratibu, mikono yake iko wazi muda wote. Mama anafungua pindo, hakuna kitu, na sarafu iko chini ya kikombe cha chai alichokuwa anakunywa mumewe meza ya pili. Sijawahi kuona kanga ikitumiwa vile. Watu wazima walikuwa wameacha wali unapoa.

Baadaye nikasikia sauti juu yake kwenye kundi, kwamba anatoa watu ukumbini. Nikaulizia. Kumbe alipangwa baada ya saa sita usiku, nyuma ya mwimbaji ambaye ukumbi mzima ulikuja kwa ajili yake, kwenye jukwaa la uwanjani, watu wako mbali na sarafu haionekani, nao wanawahi magari. Hata Houdini angetoa watu. Kijana alinipigia simu, akasema, "Dada, kwani nimefanya nini? Wale walionipa kazi hawapokei simu tena." Hakujua kuna sauti. Nilimweleza mimi, na nilimweleza yote, pamoja na saa na nafasi aliyopewa.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji wenzangu mambo machache, na nayasema kwa moyo wote maana riziki za watu zimo humu. Tathmini tuendelee kuandika. Shoo bila tathmini inaoza. Tuandike dakika. Tuandike nafasi aliyopangwa, nani alimtangulia, ukumbi gani, saa ngapi, sauti ilikuwaje. Tuandike ukumbi ulifanya nini, na kama tuna maoni yetu tuyaweke mbali na hayo, tuseme ni yetu. Halafu, kabla ya kutuma popote, tumpe msanii mwenyewe asome au asikilize, na neno lake liende pamoja na letu. Mimi ndivyo ninavyofanya sasa, na wasanii hawajanichukia kwa hilo, hata wale niliowaandikia kwamba kipengele chao kirefu mno.

Kuhusu yule kijana, ripoti yangu ni hii, naye ameiona: Mazingaombwe, mtu mmoja. Mbele ya pazia, hahitaji zaidi ya hatua tatu. Dakika kumi. Awekwe wa pili au wa tatu, mapema, wakati watu wana chakula mezani, kwenye ukumbi wa ndani. Apewe maikrofoni ya kubana kwenye shati ili mikono ibaki huru, na taa moja juu ya mikono hiyo. Bei yake ni ya kuzungumzika, namba yake ninayo.